Pamba viwandani inapanda au inashuka? Jibu kwa mshonaji wa Langoni, Amu

Waaleikum salaam mwanangu,

Barua yako nimeisoma jana baada ya isha na leo asubuhi nikairudia, manake umeuliza jambo ambalo mimi nimelifanyia kazi umri wangu wote, na watu wachache sana huliuliza. Kwa faida ya wengine watakaosoma: huyu binti anashona vikoi na madera pale Langoni, aliona kwenye simu mchoro wa pamba inayotumiwa na viwanda duniani, mstari unapanda unashuka, akaniandikia hivi: "Ami, watu wanaongezeka kila siku na nguo zinauzwa mpaka vichochoroni, mbona mstari wa pamba umesimama miaka hii? Na mbona shemeji yangu wa Mpeketoni akipeleka pamba kuuza anaambiwa bei imeshuka kwa sababu ya China? Alafu kasha la bibi tumelifungua juzi, leso zake za zamani ni nzito zinakunywa maji, zangu za dukani ni nyepesi kama karatasi. Haya mambo yana uhusiano ama ni mawazo yangu tu?"

Yana uhusiano mwanangu. Ni jambo moja hilo, umeliona kwa madirisha matatu.

Lakini kabla hatujaenda popote tuelewane neno lenyewe, manake hapa ndo watu wengi hupotea. Wakisema matumizi ya pamba viwandani hawahesabu nguo tulizovaa mimi na wewe. Pamba ikitoka shamba huko Mpeketoni au Hindi bado ina mbegu ndani, inapelekwa jineri inachambuliwa, na kila kilo 100 za shamba zinatoa pamba safi kama kilo 35 hivi, iliobaki ni mbegu ya kukamuliwa mafuta na takataka kidogo. Ile pamba safi inashindiliwa marobota, na robota la hesabu za dunia ni ratili 480, kama kilo 218. Sasa, siku ambayo kiwanda cha nyuzi kinakata zile nyaya za robota na kuanza kulisokota, siku hiyo ndo robota linahesabiwa limeliwa. Sisi kiwandani tukisema hivo hivo, leo tumekula marobota mangapi. Kwa hivyo nchi inayoandikiwa matumizi ni nchi inayosokota uzi, sio nchi inayovaa wala inayolima.

Ukilijua hilo mambo mengi yanafunguka. Chukua Marekani: mwaka 1942 wakati wa vita kuu ya pili viwanda vyao vilikula marobota zaidi ya milioni 11, sare za askari, mahema, shuka za hospitali. Mwaka 1997 wakafika tena karibu hapo hapo milioni 11. Leo hawafikishi milioni 2. Je Wamarekani wameacha kuvaa jinzi na fulana? Hawajaacha hata kidogo, ila uzi unasokotwa Asia na nguo inarudi kwao kwa meli. Na Bangladesh ni kinyume chake, shamba la pamba kule ni kidogo mno lakini kwa kununua pamba ya nje iko mbele kabisa duniani, kwa sababu imejaa viwanda. Hapa kwetu Kenya nguo zinazoshonwa Athi River na kwengineko kupelekwa Marekani tangu ule mpango wa AGOA wa mwaka 2000, wa bidhaa za Afrika kuingia kule bila ushuru, nyingi zimekatwa kwenye vitambaa vilivyokuja tayari kutoka Asia. Fundi wetu anashona, bandari ya Mombasa inasafirisha, na mstari wa pamba wa Kenya hausogei hata unywele.

Sasa nirudi kwenye kasha la bibi yako, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu kasha lile likifunguliwa vizuri linasema kuliko mchoro wa simu.

Kabla ya viwanda pwani yetu ikisokota wenyewe. Kwenye magofu ya Kilwa wachimbaji wamevipata vile vigurudumu vidogo vya udongo vya kusokotea uzi, na Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331 aliandika juu ya nguo zinazofumwa pale na kupelekwa mpaka Misri. Pate, hapo jirani yenu, ilikuwa na jina kwa nguo za hariri hata Wareno wakizitafuta. Na pamba ya Gujarati ikija na kaskazi kila mwaka, Malindi ilikuwa inaijua kabla Vasco da Gama hajatia nanga mwaka 1498. Kwa hivyo asikudanganye mtu kwamba nguo ililetwa na mzungu. Kilicholetwa ni kasi.

Kasi ile ilianza Uingereza. Hargreaves na mashine yake ya kusokota nyuzi nyingi kwa pamoja miaka ya 1760, Arkwright akaja na ya kuzungushwa na maji na kujenga kiwanda Cromford mwaka 1771, Crompton akachanganya mawazo ya wote wawili mwaka 1779. Kabla ya hapo wafumaji walikuwa wakikaa bure wakingoja uzi, manake mfumaji mmoja akitaka wasokotaji kadhaa ndo apate kazi ya kutwa. Baada ya hapo uzi ukawa mwingi kuliko mikono ya kuufuma. Alafu upande wa pili wa bahari, mwaka 1793, Eli Whitney akatengeneza mashine ya kuchambua mbegu, babu wa jineri zetu, na kile kizuizi cha mwisho kikaondoka. Mwaka 1800 viwanda vya Uingereza vilikula pamba kama ratili milioni 50 na kitu. Mwaka 1860 vikala zaidi ya ratili bilioni 1. Miaka 60 tu, mara 20. Hakuna zao jengine lililokuwa limewahi kwenda mbio namna hiyo, na ukiona mchoro unaoanzia miaka ile utaona mstari umeinuka kama mnazi.

Lakini mstari hauonyeshi nani aliichuma. Mwaka huo wa 1860 Marekani ya kusini kulikuwa na watumwa karibu milioni 4, na wengi wao walikuwa kwenye mashamba ya pamba. Nataka uliweke hili moyoni kwa sababu linatugusa sisi moja kwa moja, sio hadithi ya watu wa mbali. Sayyid Said alifunga mkataba na Wamarekani mwaka 1833, na meli za Salem, Massachusetts, zikaanza kuja Unguja zimejaa kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa, kilichofumwa kwenye viwanda vya huko kwao. Wazee wetu wakakipa jina la wenyewe walioleta, merikani. Kikapendwa mno, kigumu, kinadumu, kikafaa nguo na kikafaa tanga, na bara kikawa ni pesa kabisa, mtu anapima pembe za ndovu kwa mikono ya merikani. Meli zikirudi na pembe na sandarusi. Na kwa merikani ile ile walinunuliwa watu, wakaletwa pwani, wengine wakabaki hapa Malindi kulima mtama na simsim kwenye mashamba ya matajiri mpaka karne ilipokuwa inaisha. Mtumwa wa Mississippi anachuma pamba, pamba inakuwa kitambaa, kitambaa kinanunua mtumwa wa Nyasa. Mimi kila nikiuona ule mlima kwenye mchoro hiyo ndo picha inayonijia, na naona haifai mtu kufundisha mchoro ule bila kuitaja. Huku kwetu utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907 tu, kuna watu wazima leo ambao babu zao walizaliwa ndani yake.

Basi, mwaka 1861 Wamarekani wakapigana wenyewe kwa wenyewe na bandari za kusini zikafungwa. Uingereza ilikuwa inategemea pamba ya Marekani kwa zaidi ya robo tatu. Ndo ile tarakimu ya kushuka ghafla unayoiona kwenye michoro ya zamani, watu wa Lancashire, mkoa wa viwanda vya pamba huko Uingereza, waliita njaa ya pamba, na mwisho wa 1862 karibu watu nusu milioni walikuwa wanalishwa kwa msaada. Bei ikaruka zaidi ya mara tatu. Misri ikapanda pamba mpaka mlangoni, India ikatoa yote iliyonayo, Brazil pia. Vita vilipoisha 1865 bei ikaporomoka, na Misri ambayo ilishakopa kwa kuamini bei ya juu itadumu ikashindwa kulipa madeni mwaka 1876 na miaka sita baadaye Waingereza wakaingia. Huku pwani merikani ya kweli ikaadimika, na wafanyabiashara wakaleta ya kuiga kutoka Manchester na baadaye kutoka Bombay, ambako kiwanda cha kwanza cha mvuke kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1854. Jina halikubadilika. Bibi yako akisema merikani, uwezekano mkubwa anasema kitambaa cha Bombay!

Na hapo ndo unaona tabia ya kwanza ya mstari huu: pamba ikikatika kwa mwenzako viwanda vinahamia kwengine, na vikishahama havirudi.

Mwaka 1913 Lancashire ilikuwa kileleni, iliuza nje yadi kama bilioni 7 za kitambaa, sehemu kubwa sana India. Baada ya vita ya kwanza ikaanza kushuka na haikuinuka tena. Wahindi walikuwa wameshaanza kususia nguo za Uingereza tangu 1905, Gandhi akaja na khadi yake, kitambaa cha kusokotwa na kufumwa kwa mkono, gurudumu la kusokotea likawa alama ya uhuru. Mwaka 1931 Gandhi mwenyewe alienda Darwen, mji wa viwanda huko Lancashire, akakutana na wafanyakazi waliokosa kazi kwa ajili ya kule kususiwa, na wakampokea vizuri, jambo ambalo mimi hulitaja kila nikipata nafasi kwa sababu linaonyesha kwamba mwenye kusokota anamuelewa mwenye kusokota. Lakini aliyeimaliza Lancashire hasa ni Japani. Kuanzia miaka ya 1880 Osaka walijenga viwanda vikubwa, mashine zinazunguka usiku na mchana kwa zamu, wasichana wa mashambani wanalala bwenini, uzi rahisi. Mwaka 1933 wakawapita Waingereza kwa kuuza nje vitambaa vya pamba.

Huku Afrika Mashariki Wajapani waliingia kwa mlango ulioachwa wazi. Waingereza walipoweka vizuizi vya nguo za Japani kwenye makoloni yao mwaka 1934 hawakuweza kuviweka Kenya wala Uganda wala Tanganyika, kwa sababu ya ule mkataba wa Berlin wa 1885 wa bonde la Kongo, uliosema eneo hili biashara iwe huru kwa wote. Kwa hivyo bibi zetu miaka ya 1930 walivaa sana Japani. Leso, ambazo jina lake ni la Kireno na mtindo wake ni wetu, zimechapishwa India, zimechapishwa Uholanzi, Manchester, Japani, alafu baada ya uhuru zikachapishwa kwetu. Angalia pindo za leso za kasha, mara nyengine pameandikwa. Ukipata iliyoandikwa Japani na ukapata ya kiwanda cha hapa Afrika Mashariki, umeshika mikononi historia ya viwanda vyote hivi bila kuhitaji simu.

Zama zetu wenyewe sitazirefusha ingawa ndo zinazoniuma. Miaka ya 60 na 70 vilijengwa viwanda Kisumu, Eldoret, Thika, Nanyuki, na Dar es Salaam Wachina wakasaidia kujenga Urafiki uliofunguliwa 1968. Mimi niliingia kiwanda kimoja cha nyuzi huko bara nikiwa kijana, nikaanza kwa kufagia chini ya mashine za kadi, zile za kuchana pamba, nikapandishwa mpaka nikawa mkaguzi wa pamba, kazi yangu kuvuta nyuzi kwa vidole na kusema hii ina urefu gani na nguvu gani na itachanganywa na robota gani. Kilele cha pamba ya Kenya kilikuwa msimu wa 1984/85, marobota kama 70,000, yale ya kwetu ya kilo 185. Alafu mwanzo wa miaka ya 90 soko likafunguliwa, mitumba ikaingia kwa makontena, umeme juu, mashine kuukuu, mkulima halipwi kwa wakati, bodi ya pamba haina pesa. Kiwanda chetu kilitupa likizo ya wiki mbili ambayo haikuisha. Mishahara ya miezi mitano mpaka leo hatujaiona, na wenzangu kadhaa wameshatangulia mbele ya haki nayo wakidai. Mstari wa Kenya uliposhuka ulishukia juu ya watu.

Haya, sasa swali lako kuu, kwa nini mstari wa dunia umesimama na watu wanaongezeka.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Mwaka 1960 dunia ilikuwa na watu kama bilioni 3, viwanda vikala pamba tani milioni 10 hivi. Gawanya, ni kama kilo 3 na theluthi kwa kila mtu. Leo tuko bilioni 8, viwanda vinakula karibu tani milioni 25. Gawanya tena, ni kilo 3 na kidogo. Umeona? Miaka 60 fungu la pamba la kila mtu halijaongezeka hata kidogo, ni kama doti sita saba za leso nzito kwa mwaka. Sasa chukua nyuzi za aina zote, pamba na sufu na hariri na za kutengenezwa. 1960 zilikuwa kama kilo 5 kwa mtu, leo zinapita 13. Watu wananunua nguo kuliko zamani, tena mara mbili na zaidi, ila nyongeza yote ile haikwenda kwa pamba. Nyingi imekwenda kwa poliesta, uzi wa kutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli.

Poliesta iligunduliwa na wakemia wawili huko Lancashire, Whinfield na Dickson, mwaka 1941, yaani mkoa ule ule uliokuwa mkoa wa pamba ndo uliozaa mshindani wake. Kabla yake palikuwa na hariri ya bandia ya mbao, viskosi, na naironi ya Carothers ya 1935. Wazee watakumbuka suruali za tetroni, ndo poliesta hiyo hiyo, zilipokuja zilikuwa za maringo, zilikuwa ghali, hazikunjiki. Mwaka 1960 pamba ilikuwa na fungu la kama asilimia 68 ya nyuzi zote duniani. Mwanzo wa miaka ya 2000 poliesta ikaipita, na leo pamba haifiki robo, poliesta peke yake imepita nusu.

Na sababu sio bei tu, hapa nakwambia kama mtu aliyesimama kwenye mashine. Pamba kila robota lina tabia yake. Mvua ikichelewa nyuzi zinakuwa fupi, ikinyesha wakati wa kuchuma zinakuwa na madoa, robota la Tana na robota la Busia haziendi sawa, kwa hivyo lazima uwe na mkaguzi, uwe na ghala la mchanganyiko, uwe na mashine ya kadi ya kuondoa takataka. Poliesta inakuja imekatwa yote milimita 38, leo na kesho na mwaka ujao, nyeupe, haina jani wala mbegu, na bei yake inafuata mafuta ya petroli ambayo haina msimu. Meneja wa kiwanda akilala usiku analala. Mimi naipenda pamba na nitaipenda mpaka naingia kaburini lakini siwezi kukuficha kwamba kwa mwenye kiwanda poliesta ni raha.

Tukio lililoniaminisha kwamba jambo hili halirudi nyuma ni la 2010 na 2011. Pakistan ilifurika maji, India ikazuia kuuza pamba nje, maghala ya dunia yalikuwa matupu, na bei ambayo ilikuwa imezoea kukaa chini ya dola moja kwa ratili ikapita dola mbili mwezi wa tatu 2011. Viwanda havikusimama vikalia. Vilibadilisha mchanganyiko. Kitambaa kilichokuwa pamba tupu kikawa poliesta asilimia 35, kikawa 50, kikawa 65. Na ukishabadilisha hurudi upesi, kwa sababu nafasi za roli za kuvuta uzi zimepangwa upya kwa nyuzi ndefu, rangi ni ya aina nyengine, mnunuzi ameshaidhinisha kitambaa, mvaaji ameshazoea. Bei ya pamba ilirudi chini mwaka uliofuata, wateja wengi hawakurudi nayo. Kwa hivyo kilele cha 2007, tani milioni 26 na kitu, dunia imekuwa ikikigusa gusa tu, inashuka 2009 kwa msukosuko wa mabenki, inapanda, inashuka 2020 kwa korona mpaka chini ya milioni 23, inapanda. Ndo ule mstari uliosimama uliouona.

Na hapa China inaingia, na shemeji yako. China ilijiunga na shirika la biashara la dunia mwisho wa 2001, na ule mfumo wa zamani wa kugawia kila nchi kiasi cha nguo za kuuza kwa matajiri ukaisha tarehe 1 Januari 2005. Viwanda vya China vikapanda mpaka vikala zaidi ya tani milioni 10 kwa mwaka, karibu robota mbili katika kila tano za dunia. Baada ya ile bei ya 2011 serikali yao ikaamua kununua pamba ya wakulima wake kwa bei ya juu na kuiweka ghalani, ikanunua ikanunua mpaka 2014 ilikuwa imefungia zaidi ya nusu ya akiba yote ya dunia. Mkulima wao alifurahi, msokotaji wao akaumia, akahamia poliesta, ama akaagiza uzi tayari kutoka India, Pakistan na Vietnam. Matumizi ya China yakashuka mpaka kama tani milioni 7 na nusu. Sasa mtu mwenye karibu mbili kwa tano ya pamba ya dunia mdomoni mwake akipunguza tonge, anayelima Mpeketoni lazima asikie. Jineri ya Lamu inauza pamba safi kwa viwanda vya bara, na kiwanda cha bara kinaangalia bei ya dunia, kinaangalia pia pamba ya Tanzania na Uganda, kinatoa gharama ya lori kutoka kwenu mpaka Eldoret, kinachobaki ndo bei ya shemeji yako. Kwa hivyo aliyemwambia ni kwa sababu ya China hakumdanganya, ingawa hakumwambia yote. Lori na barabara na umeme sio China.

Mpelekee shemeji ujumbe wangu mmoja. Asichumie kwenye gunia la plastiki na asifunge kwa kamba ya plastiki, achumie kwenye gunia la kitambaa. Ule uzi wa plastiki ukiingia kwenye pamba mashine haiuoni, unasokotwa ndani ya uzi, unafumwa, na kitambaa kikitiwa rangi unabaki mweupe kama kovu. Nimewahi kukataa gora kwa magora kwa ajili ya hilo. Pamba ya Afrika inachumwa kwa mkono, kwa nyuzi zake ni nzuri kuliko nyingi za mashine, na inakatwa bei kwa plastiki tu. Hii mbegu mpya ya Bt, iliyobadilishwa jeni ili mmea wenyewe uue funza, iliyoruhusiwa Kenya mwisho wa 2019 itampunguzia funza wa vitumba, lakini kwa hilo la gunia haimsaidii.

Sasa leso zako nyepesi. Bila shaka ni poliesta, ama mchanganyiko, ndo maana hazinywi maji na zinanata mwilini kukiwa na joto. Sisemi usiziuze, wateja wengi wanazitaka kwa bei yake na rangi haipauki upesi. Ninachokuomba usimwambie mteja ni pamba kama si pamba. Na usiamini lebo, jaribu mwenyewe. Chomoa uzi wa mtande, ule wa urefu wa kitambaa, alafu chomoa uzi wa mshindio, ule unaopita kwa upana, usivichanganye, manake siku hizi kuna vikoi mtande ni poliesta na mshindio ni pamba ili mashine ya kufuma isikate uzi kila saa. Kila uzi uchome mbali na mwenziwe kwenye kiberiti. Pamba inawaka haraka, inanuka kama karatasi, inaacha jivu laini jeupe jeupe linalopeperuka ukipuliza. Poliesta inajikunja, inayeyuka, moshi mweusi, inaacha kidonge kigumu usichoweza kukivunja kwa kucha, na usikishike kingali moto kitakuganda kwenye ngozi. Zikichanganywa ndani ya uzi mmoja utapata jivu na vidonge vidogo vidogo pamoja.

Anza na ile leso ya bibi yenye pindo lililochanika, uzi mmoja tu wa ukingoni, umuombe ruhusa kwanza. Alafu ya dukani. Ukimaliza niandikie umeona nini kwenye mtande.